Bahari Nyuma ya Mpiga Picha

Katika siku tatu tulizokaa ufukweni, mimi na marafiki zangu sita, nilipiga picha zinazokaribia mia tisa, na zaidi ya mia tatu kati yake, zile za siku ya kwanza, nilizifuta karibu zote. Hazikuwa zimetikisika wala hazikuwa zimekata vichwa vya watu. Bahari ilionekana vizuri, povu la mawimbi lilikuwa jeupe, na anga lilikuwa na buluu ya kupendeza. Waliokosekana ni marafiki zangu. Kila mmoja wao alisimama mbele ya maji huku macho yake yakiwa mashimo mawili meusi chini ya nyusi, paji la uso liking'aa kwa jua la utosini, na midomo ikiwa imekazwa katika tabasamu la mtu anayesubiri kuambiwa kwamba sasa basi, anaweza kwenda. Usiku ule, nilipokuwa nikizipitia moja baada ya nyingine, nilitambua kwamba nilikuwa nimepiga picha za bahari zenye watu ndani yake, ilhali nilikwenda kule kwa nia ya kupiga picha za watu.

Kosa langu lilianzia kwenye jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya afikapo ufukweni na kamera. Tunamsimamisha rafiki akiwa ameipa bahari mgongo, kwa sababu bahari ndiyo iliyotuleta na tunataka ionekane kwamba tulifika. Hakuna ubaya katika kutaka ushahidi wa safari, na picha moja ya namna hiyo kwa kila mtu inatosha kabisa. Lakini bahari ni mandhari yenye nguvu mno. Inang'aa kuliko uso wa mtu, ni pana kuliko mwili wake, na jicho la mtazamaji hukimbilia kwenye mng'aro kabla ya kurudi kwenye uso, kama litarudi. Siku ya pili niliamua kufanya kinyume chake. Niliingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu, nikaipa bahari mgongo mimi mwenyewe, na nikawaomba marafiki zangu waitazame badala ya kuiacha nyuma yao.

Ili kueleza kwa nini badiliko hilo dogo liligeuza kila kitu, ni lazima nirudi kwanza kwenye mwanga wa siku ile ya kwanza. Saa sita mchana jua lilikuwa juu kabisa, na mwanga ulioshuka wima ulizuiwa na mifupa ya nyusi, kwa hiyo macho yakabaki gizani. Mchanga mkavu ungeweza kusaidia, kwa kuwa mchanga mweupe hurudisha mwanga mwingi kutoka chini na kulainisha vivuli vya usoni kama karatasi nyeupe iliyoshikwa chini ya kidevu. Lakini mimi niliwapanga marafiki zangu pale maji yanapogusa nchi, na mchanga uliolowa ni mweusi kuliko mkavu, hurudisha mwanga kidogo tu. Hatua kumi kuelekea nchi kavu zingewarudishia macho yao. Siku ya tatu nilijaribu jambo hilo makusudi, jua likiwa bado kali, na tofauti ilionekana kwa macho matupu hata kabla sijainua kamera: yule yule mtu, dakika ile ile, kwenye mchanga wa maji ana vivuli vizito na kwenye mchanga mkavu uso wake umefunguka.

Tena kuna hila ya kamera yenyewe. Mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera haijui kwamba mbele yake kuna mchanga, maji yanayometa na anga. Imefundishwa kudhani kwamba kila kinachopigwa picha, kikichanganywa pamoja, ni cha kijivu cha wastani, kile ambacho wapiga picha hukihesabu kuwa hurudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Inapokutana na mandhari yenye weupe mwingi huona kwamba mwanga umezidi, ikaupunguza, na wa kwanza kulipa gharama hiyo ni uso wa mtu aliyesimama katikati. Ndiyo maana picha za ufukweni huwa na watu weusi kuliko walivyo, awe mtu huyo ana ngozi ya rangi gani. Dawa yake ni kuiambia kamera iongeze mwanga kwa hatua moja, yaani uwe maradufu, wakati mwingine moja na nusu, na anayetumia simu anaweza kugusa uso kwenye kioo kisha kusogeza alama ya mwanga juu mpaka uso ukae sawa. Anga litapauka kidogo. Mimi nimekubali kulipoteza anga siku zote ninapolazimika kuchagua kati yake na macho ya rafiki.

Sasa nirudi kwenye alasiri ya siku ya pili. Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa nchi kavu, nyuma ya marafiki zangu, nao wakiwa wameikabili bahari. Mwanga wa jua uliwapiga visogoni na mabegani, ukachora ukingo mwembamba wa dhahabu kwenye nywele zao, huku nyuso zao zikimulikwa na kitu kingine kabisa, yaani lile anga kubwa lililotanda juu ya maji nyuma yangu. Anga la bahari halina jengo wala mti wa kulizuia. Ni taa moja pana isiyo na mwisho, na kadiri chanzo cha mwanga kinavyokuwa kipana mbele ya mtu ndivyo vivuli vinavyolainika. Hakuna aliyekunja uso, kwa kuwa hakuna aliyelitazama jua. Isitoshe, katika kila jicho palitokea nukta ya mwanga, na nilipoikuza picha moja baadaye niliona ndani ya mboni mstari wa upeo wa macho ukiwa umepinda, na mimi nikiwa doa dogo jeusi katikati yake. Bahari haikutoka kwenye picha zile. Ilihamia machoni mwao.

Ufukwe ambao jua huzama baharini hutaka ratiba nyingine. Hapo ni asubuhi ndiyo inayofaa, jua likiwa bado nyuma ya nchi kavu, au zile dakika baada ya machweo, jua lenyewe likiwa limekwisha kuzama na anga la magharibi likiwa bado linawaka bila kumwumiza mtu macho. Ni vyema pia kuujua muda ulionao. Kwa hesabu ya kawaida jua husafiri nyuzi 15 kwa saa, na karibu na ikweta huzama karibu wima, kwa hiyo nyuzi sita za mwisho, ambazo ndizo zenye mwanga wa dhahabu unaosifiwa na kila mpiga picha, huisha kwa takriban dakika 24. Mbali na ikweta jua hushuka kwa mshazari na dakika hizo huongezeka. Watu sita kwa dakika 24 ni dakika nne kwa kila mmoja, na anayetaka kubadili nguo atakuta giza.

Kuna tahadhari moja ambayo sitaki kuipita haraka, kwa kuwa ni ya usalama. Anayeipa bahari mgongo haoni kinachokuja. Nilimwomba rafiki mmoja ambaye zamu yake ya kupigwa picha haijafika asimame kando yangu akitazama maji, na mara mbili alinivuta mkono kabla ya wimbi lililozidi mengine kunifikia magotini. Kamera inaweza kununuliwa nyingine.

Wapo waliofanya kazi kubwa kwa kuiacha bahari nyuma ya mtu, na ningekuwa mwongo kama ningesema haiwezekani. Mpiga picha wa Uholanzi Rineke Dijkstra, katika miaka ya mwanzo ya 1990, aliwapiga picha vijana katika fukwe za nchi kadhaa zikiwemo Marekani na Poland, kila mmoja akiwa amesimama peke yake na mavazi ya kuogelea, bahari ikiwa nyuma yake. Lakini ukizitazama kwa makini utaona jinsi alivyoinyima bahari nafasi ya kutawala. Alitumia flashi mchana ili uso na mwili visizidiwe na mwanga wa nyuma, na aliiweka kamera chini, hivi kwamba upeo wa macho uko chini na kijana anasimama juu yake, kichwa chake kikiwa kimezungukwa na anga tupu. Yule msichana aliyempiga picha huko Kołobrzeg, Poland, mwaka 1992, mwenye vazi la kijani na mwili ulioegemea upande mmoja, hukumbukwa na watu ambao hawawezi kusema bahari ya siku ile ilikuwa na rangi gani.

Suala la urefu wa kamera lina kanuni rahisi ambayo nasikitika kwamba nilichelewa kuijua. Mahali palipo tambarare, upeo wa macho humkata mtu aliyesimama mbele yako kwa kimo kile kile ilichopo lenzi yako. Ukiishika kamera usawa wa macho, na rafiki yako ni wa kimo chako, mstari wa bahari utapita katikati ya macho yake. Ukiishusha kifuani, mstari utapita kifuani. Picha zangu nyingi za siku ya kwanza zilikuwa na mstari wa buluu ulioingia sikio moja na kutokea jingine, na kwa rafiki yetu aliye mrefu kuliko sote mstari huo ulimpitia shingoni kama waya. Kupiga goti kulitosha kuuondoa. Siku ya pili na ya tatu nilipiga picha nyingi nikiwa nimepiga goti moja, hata pale ambapo nyuma ya mtu kulikuwa na nchi kavu, kwa sababu nilikuwa nimezoea.

Ngozi za watu sita si za rangi moja, na hapo ndipo nilipohitaji uangalifu kuliko mahali pengine popote. Kati yetu yupo mwenye ngozi nyeusi sana na yupo mweupe ambaye hugeuka mwekundu kwa nusu saa ya jua, nao ni marafiki wa chanda na pete waliotaka picha ya pamoja. Ukiongeza mwanga kwa ajili ya mmoja, mwingine anaunguzwa. Ukiupunguza kwa ajili ya yule, huyu anabaki kivuli chenye meno. Tatizo hili si la maumbile peke yake. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 filamu za rangi zilisawazishwa kwa kutumia kadi za majaribio zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi ambazo mafundi walizipa jina la Shirley, na watu wenye ngozi nyeusi walitoka kwenye picha hizo bila sura. Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi, lakini mtu aliyeishika bado ndiye anayeamua nani aonekane. Niliwageuza wote wawili wakaikabili bahari kwenye ule mwanga laini, nikamweka mwenye ngozi nyeusi hatua moja karibu zaidi na anga lililo wazi na mwenzake nusu hatua nyuma, kwenye ukingo wa kivuli cha mwamba. Pia niliuacha mng'ao uliokuwa kwenye shavu na kwenye mfupa wa bega la yule wa kwanza. Kipo kioo cha kuzungushwa mbele ya lenzi kinachoweza kuondoa mng'ao wa ngozi kama kinavyoondoa ule wa maji, lakini kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo ndio unaochora umbo la uso, na kuufuta ni kumpiga pasi mtu akawa bapa.

Kuhusu lenzi nitasema machache. Pua haivimbi pichani kwa sababu ya lenzi. Huvimba kwa sababu umesogea mno. Rudi nyuma mita mbili au tatu kisha tumia lenzi ndefu, ya milimita 85 kwa mfano, na anayetumia simu atumie ile lenzi yake ya kuvuta karibu badala ya ile pana. Upepo wa bahari nao hauna urafiki na nywele, kwa hiyo kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, isishuke chini ya sehemu moja ya 500 ya sekunde kama unataka kila unywele uonekane mahali ulipo. Kwenye mwanga mwingi kiasi kile kasi hiyo hupatikana bila taabu.

Yupo rafiki mmoja ambaye tangu nimjue hapendi kupigwa picha. Ana kovu linaloanzia kwenye nywele na kushuka hadi juu ya nyusi ya kushoto, la ajali ya utotoni, na kwa miaka yote amejifunza kugeuza uso upande wa kulia mara tu anapoona kamera. Siku ya kwanza aliniambia, "Wapige wao, mimi niache," nami nikamwacha. Sikumbembeleza, na sikuvizia pembeni na lenzi ndefu kama wafanyavyo wengine wanaodhani kwamba rafiki asiyejua kwamba anapigwa picha amekubali. Siku ya tatu asubuhi tulibaki wawili, wengine wakiwa wametembea kufuata maji yaliyokuwa yamekupwa. Alikaa kwenye mchanga mkavu akikung'uta viatu vyake, akivigonganisha soli kwa soli, kisha akaingiza vidole vinne ndani ya kiatu kimoja kuondoa chembe zilizoganda kwenye mshono. Alikuwa anaieleza ndoto aliyoiota usiku, ndoto ndefu yenye ngazi nyingi. Nilimwuliza kama naweza kumpiga picha akiwa hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo, akautazama mkono wake uliokuwa ndani ya kiatu, akasema, "Haya, lakini usiniambie nifanye nini."

Sikumwambia. Nilikaa chini mbele yake, bahari ikiwa nyuma yangu, naye akaendelea na ngazi zake. Kwa dakika kadhaa nilipiga picha kumi na moja tu, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza pia. Katika ya tisa ameinua uso kunieleza jinsi ngazi ya mwisho ilivyokosa mahali pa kuishia, midomo iko katikati ya neno, mkono wa kushoto umevaa kiatu kama glavu, na upepo umezipeleka nywele zote nyuma. Kovu limeonekana lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, limepokea mwanga uleule ulioangukia shavu na pua. Hakugeuza uso. Sidhani kwamba alikuwa ameisahau kamera, kwa sababu macho yake yameelekea kwenye lenzi moja kwa moja. Naamini alikuwa anazungumza na mimi, na kamera ilikuwa mahali pale pale nilipokuwa.

Nilimwonyesha picha zote kumi na moja palepale, kabla ya wengine kurudi, nikampa kamera mkononi ili afute atakazo. Alifuta nne. Hili nililifanya baadaye kwa kila mmoja wao, kwa kuwa ufukweni watu huwa wamevaa nguo chache na wamelegea kwa namna ambayo wasingependa ionekane na watu wa kazini, na picha ambayo mwenyewe hajaiona haipaswi kufika mtandaoni. Ni kwa sababu hiyohiyo niliziacha picha mbili nzuri mno zilizokuwa na watoto wa watu wengine wakicheza nyuma. Ningeweza kuzikata pembeni, lakini watoto wale walikuwa katikati, na wazazi wao sikuwauliza.

Baada ya safari nilitumia jioni nzima kusafisha vifaa. Mchanga wa fukwe nyingi una kwatzi, madini ambayo ni magumu kuliko kioo cha lenzi, kwa hiyo kufuta lenzi kwa kitambaa kabla ya kuipuliza ni kuikwaruza kwa mikono yako mwenyewe. Kwanza pulizo la mpira, kisha brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya mwili wa kamera, na mwisho kabisa kitambaa kikavu. Lenzi sikuibadilisha hata mara moja nikiwa kwenye upepo. Hata hivyo nilikuta chembe tatu za mchanga zimejificha chini ya pete ya kuzungushia, nikazitoa kwa ncha ya kijiti cha meno.

Niliwachapia marafiki zangu picha kwenye karatasi, moja kwa kila mtu, ile aliyoichagua mwenyewe. Yule mrefu alichagua picha niliyokuwa nimeiona ya kawaida, akiwa ameshikilia viatu vya watu wote. Wale wawili walichagua ile ya ukingo wa mwamba na wakataka nakala mbili ili pasiwe na ugomvi. Rafiki yangu mwenye kovu alichagua ya tisa. Aliishika kwa muda mrefu akiwa amesimama mlangoni, akaigeuza nyuma kuona kama nimeandika chochote, akaigeuza tena mbele. Kisha akaniomba nimchapie nyingine kama hiyo, ya kumpelekea mama yake.